Kuelekea magharibi hakufupishi safari ya ndege

Hapa Mtwara bado wapo wanaoamini kwamba ndege ikielekea magharibi hufika upesi, kwa kuwa dunia huzunguka kwenda mashariki na kuusogeza uwanja wa kutua uje kuilaki. Si kweli. Hewa nayo huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Rusha mpira juu ndani ya basi la Dar likiwa kwenye mwendo: utakurudia mkononi, hautamgonga abiria wa kiti cha nyuma.

Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani kilomita zipatazo 1,640 katika latitudo yetu. Kama ingeiacha hewa nyuma, helikopta ingepaa Mtwara, ingekaa angani saa moja tu, kisha ingeshukia maeneo ya Kolwezi, Kongo.

Kinachobadilisha muda ni upepo. Juu sana, takriban kilomita 10, katika latitudo za kati huvuma upepo mkali kutoka magharibi. Ndiyo maana New York hadi London huchukua saa saba hivi, na kurudi magharibi huzidi kwa saa nzima. Februari 2020, dhoruba iliisukuma ndege moja ikafika London chini ya saa tano!

Naona kinachowachanganya wengi ni majira. Ukiondoka London saa sita mchana, unatua New York saa tisa alasiri ya huko. Zinaonekana saa tatu, kumbe umekaa angani nane. New York iko nyuma kwa saa tano.