Kabla ya Kumsaidia Mwenye Msongo, Jifunze Kunyamaza

Wengi wanaojiunga na mafunzo ya wasaidizi wa afya ya akili katika jamii huja na sifa moja: mtaani kwao ndio wanaokimbiliwa kwa ushauri. Sifa hiyo ni njema, lakini ndiyo inayowasumbua kwanza. Katika igizo dhima la siku za mwanzo, mwanafunzi anakaa kama msaidizi, na mwenzake anaigiza mteja, mama mboga asiyelala kwa sababu ya kodi ya nyumba. Dakika 3 hazijaisha, mwanafunzi anasema, "Jikaze mama, wenzako wana makubwa kuliko hayo." Mteja anajibu "sawa", na tangu hapo hasemi tena lolote la maana.

Tuchukue mfano wa PM+ (Problem Management Plus), mbinu ya vikao vya kumsaidia mwenye msongo, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 kwa ajili ya wasaidizi wasio madaktari wala wanasaikolojia. Huko Dagoretti, Nairobi, mbinu hiyo ilitumiwa na wahudumu wa afya ya jamii kwa wanawake, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa msongo wao ulipungua zaidi kuliko wa wale waliopata huduma ya kawaida. Mteja huonwa mara 5, mara moja kwa wiki, kila kikao dakika 90. Mafunzo ya msaidizi huchukua takriban saa 80 darasani, kisha wiki kadhaa za kuhudumia wateja wa kwanza chini ya msimamizi.

Jambo la kwanza kufundishwa mteja ni kupumua. Mkono mmoja uwe tumboni, mwingine kifuani. Wa tumboni ndio uinuke. Avute hewa taratibu kwa hesabu ya 3, aitoe kwa hesabu ya 3. Wanafunzi wengi humwambia mteja avute pumzi kubwa kwa nguvu. Akifanya hivyo mfululizo, kabonidioksidi mwilini hushuka kupita kiasi, anaona kizunguzungu, vidole vinamfa ganzi, naye anaamini zoezi limemzidishia ugonjwa.

Kazi ngumu ni kushughulikia matatizo. Mteja huyataja yote, kisha mnayapanga: yanayoweza kutatuliwa, yasiyoweza, na yasiyo na uzito. Anachagua moja la kundi la kwanza. Anataja njia nyingi kadiri awezavyo, hata zile zinazoonekana za ajabu, nawe huzikosoi bado. Hapa ndipo ulimi wa msaidizi huwasha, maana jibu analiona. Avumilie. Njia aliyopewa mteja na mtu mwingine huachwa mlangoni. Aliyoitafuta mwenyewe hutembea nayo. Halafu mpango uwe na siku na saa: "Nitazungumza na mwenye nyumba" bado ni nia tu. "Jumatano saa 4 asubuhi nitampelekea shilingi 500 na kuomba nilipe zilizobaki kila Jumamosi" ndiyo hatua. Kikao kijacho huanzia hapo: ilifanyika? Ilikwama wapi?

Wapo wasiofaa kuanzishiwa vikao hivi: anayesikia sauti wasizosikia wengine, aliyechanganyikiwa, na aliye na mpango wa kujiua. Hao ni wa rufaa, na wa mwisho haachwi peke yake wakati usafiri unatafutwa. Dodoso la PHQ-9, linalopima dalili za sonona (huzuni iliyozidi), lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3. Swali la 9 linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Wanafunzi hulipitia haraka wakiangalia karatasi, wakihofia kumtia mtu wazo hilo. Kuuliza hakumpi mtu wazo la kujiua. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kuwauliza. Mwangalie, tamka waziwazi: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Akikubali, uliza kama ana mpango, kwa njia gani na lini. Alama za jumla zikiwa ndogo, jibu la swali hili bado linabeba uzito wake lenyewe.

Usimamizi ndio unaokatwa mapema bajeti ikibana, na huko ndiko huduma inakooza. Msaidizi asiye na msimamizi hurudi polepole kwenye ushauri wa mtaani, au hubeba vilio vya watu hadi kitandani kwake. Kwa hiyo unapochagua kozi, uliza kabla ya kulipa ada: baada ya darasa nitasimamiwa na nani, siku gani ya wiki, na nikikutana na mteja anayetaka kujiua saa 2 usiku nampigia nani?