Molekuli za kushoto na za kulia: tunayoyakosea

Kila anayesoma kemia hapa Nairobi hufundishwa kwamba asidi amino (vipande vinavyojenga protini) na sukari nyingi huja kwa sura mbili, moja ikiwa taswira ya nyingine kwenye kioo, kama viganja viwili: vinafanana kidole kwa kidole, ila glavu ya kulia haivaliki kushoto. Tabia hiyo huitwa kairaliti. Mwanakemia Mfaransa Louis Pasteur aliionyesha mwaka 1848 alipotenga kwa mkono fuwele za aina mbili za chumvi ya asidi tartariki. Ni tunapofika kwenye chembe hai, jinsi protini na DNA zinavyojijenga, ndipo dhana potofu zinapoingia.

Dhana: Kairaliti ndiyo nguvu inayozifanya molekuli zijipange zenyewe.

Ukweli: Kazi hiyo hufanywa na maji kwa kiasi kikubwa. Sehemu za protini zisizopatana na maji hujificha ndani, kisha vifungo vya haidrojeni hushikilia umbo. Kairaliti huamua msokoto uelekee wapi na jirani gani atatoshea. Mwaka 1992, kundi la mwanakemia Stephen Kent lilitengeneza kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemikali) cha virusi vya UKIMWI kwa asidi amino za sura iliyo kinyume cha zetu. Kilijikunja vizuri kabisa, kama taswira ya kile cha asili, lakini kikawa kinakata tu protini za sura yake. Kwa hiyo upande wowote ungefaa. Kinachoharibu ni kuzichanganya ovyo, maana msokoto wa protini unaoitwa alfa hausimami imara katika mnyororo wa namna hiyo.

Dhana: Vipande vya kushoto hujenga msokoto wa kushoto.

Ukweli: Hapa ndipo ninapotamani walimu wakae zaidi. Asidi amino zetu huitwa za kushoto, lakini msokoto wa alfa huzunguka kulia. Kolajeni, protini ya ngozi, kano na mifupa, inashangaza zaidi: kila uzi wake umesokotwa kushoto, kisha nyuzi tatu husokotana pamoja kuelekea kulia. Kila ngazi ya ujenzi ina mwelekeo wake, unaotokana na jinsi vipande vinavyobanana. Nunua miguu ya ng'ombe pale soko la Burma, uchemshe supu kwa saa kadhaa, uiache ipoe: itaganda. Moto ulizitenganisha zile nyuzi tatu, na baridi inapoingia hutafutana na kusokotana tena sehemu sehemu, zikikamata maji katikati, bila kimeng'enya chochote kuzisaidia. DNA nayo kwa kawaida huzunguka kulia, lakini fuwele zilizochunguzwa mwaka 1979 zilionyesha aina inayozunguka kushoto, yenye sukari zilezile.

Dhana: Herufi L (kushoto) na D (kulia) kwenye majina ya sura hizi mbili zinaonyesha molekuli itauzungusha upande gani mwanga unaotetemeka katika bapa moja.

Ukweli: Hapana, zinaonyesha mpangilio wa atomi tu. Fruktosi ya D, sukari ya matunda, huuzungusha mwanga kushoto.

Dhana: Sura ya pili haitumiki kwenye viumbe.

Ukweli: Bakteria hujengea ukuta wao asidi amino iitwayo alanini ya D, na penisilini hufanya kazi kwa kuiga kipande hicho hicho cha ukuta. Ubongo wetu pia hutumia asidi amino nyingine, serini ya D.

Dhana: Katika dawa, sura moja hutibu na nyingine ni sumu.

Ukweli: Inategemea dawa. Ibuprofeni ya madukani huwa na sura zote mbili, na mwili hugeuza sehemu kubwa ya ile isiyofanya kazi ikawa inayofanya. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ni habari nyingine: sura moja huua minyoo, nyingine huongeza uchungu mdomoni na ukubwa wa kidonge. Watoto wadogo waliachwa nyuma kwa miaka mingi. Kidonge chao chenye sura inayotibu pekee, arprazikwanteli, kilijaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ikishiriki, na Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni ya kukiunga mkono.