Oskar anapelekwa wapi? Kitendawili cha mwisho wa "Låt den rätte komma in"

Treni inakwenda, nje ni mchana. Oskar, mvulana wa miaka 12, amekaa na kasha kubwa, na ndani yake amejificha Eli, mnyonya damu mwenye sura ya mtoto wa rika lake. Eli anagonga, Oskar anajibu kwa kugonga. Ni alama za Morse, yaani herufi zinazotumwa kwa mapigo mafupi na marefu, walizozoea kutumiana kupitia ukuta wa fleti zao, na safari hii Eli anatuma busu. Filamu hii ya Sweden ya mwaka 2008, iliyoongozwa na Tomas Alfredson, inaishia hapo. Watazamaji wengine huona mapenzi yameshinda. Wengine huona mtoto aliyenaswa. Kwa nini wasikubaliane?

Sababu ni Håkan, yule mzee anayeishi na Eli mwanzoni. Ndiye anayemtafutia damu: anamning'iniza mtu kichwa chini porini, anamkata koo, na damu inatiririkia kwenye dumu la plastiki. Filamu haisemi ametoka wapi. Riwaya ya John Ajvide Lindqvist, ambayo filamu imetokana nayo, inasema: alikutana na Eli akiwa tayari mtu mzima, mwalimu aliyefukuzwa kazi, mwenye tamaa chafu kwa watoto. Lindqvist mwenyewe ndiye aliyeandika pia mswada wa filamu, lakini historia hiyo haikuingia. Basi mtazamaji analijaza pengo mwenyewe: labda Håkan naye alikuwa Oskar wa zamani.

Toleo la Marekani la mwaka 2010, lililoongozwa na Matt Reeves, lilishika dhana hiyo moja kwa moja kwa kuonyesha picha ya zamani ya mlezi, yaani mhusika aliye katika nafasi ya Håkan, akiwa mvulana, yuko na mnyonya damu yuleyule, ambaye katika toleo hilo ni msichana. Lindqvist alielekea upande mwingine kabisa. Katika hadithi fupi aliyoandika baadaye, Oskar na Eli wanaonekana katika picha iliyopigwa miaka mingi baada ya safari ile, na hakuna aliyezeeka. Kwa maana hiyo, Oskar naye aligeuka kuwa mnyonya damu.

Mimi narudi kwenye yaliyomo ndani ya filamu yenyewe. Katika hadithi hii mnyonya damu hawezi kuingia nyumbani kwa mtu salama bila kukaribishwa. Eli anaingia kwa Oskar bila kukaribishwa, na damu inamtoka machoni na mwilini mpaka Oskar anapiga kelele kwamba anamruhusu. Mtu anayetafuta mtumishi tu hahatarishi uhai wake namna hiyo. Lakini kabla ya Håkan kutoka kwa mara ya mwisho, anamwomba Eli asionane na yule mvulana usiku huo, na Eli anamgusa shavuni kwa upole, bila neno. Mguso ule nao una upendo, ila haukumwondolea Håkan kazi ya kuua.

Ndiyo maana nauamini upendo wa Eli, na bado namhofia Oskar. Hata kama Eli hamdanganyi, njaa haitaisha, na Oskar asipogeuka atazeeka huku mwenzake akibaki na umri uleule. Ile picha ya zamani katika filamu ya mwaka 2010 inaufanya upendo huo uonekane kama mtego uliopangwa, na hapo naona filamu ile ilipoteza jambo kubwa.