Taasisi ya Kiyama Isiyokuwepo: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

Mwaka 2009 ilijitokeza mtandaoni taasisi iliyojiita Institute for Human Continuity, kazi yake ikiwa kuhakikisha kizazi cha binadamu hakikatiki. Tovuti yake ilieleza kwamba ilianzishwa mwaka 1978 na viongozi wa serikali, wa biashara na wa sayansi kutoka mataifa mbalimbali. Mwaka 2004, iliendelea kusema, wanasayansi wake walithibitisha kwa uhakika wa asilimia 94 kwamba dunia ingeangamia mwaka 2012. Msomaji akishamaliza kutetemeka, alikaribishwa kujiandikisha katika bahati nasibu ya kuchagua watakaookolewa.

Taasisi hiyo haikuwepo. Waanzilishi wake hawakuwepo, wanasayansi wake hawakuwepo, na asilimia 94 ilitoka kichwani mwa mtu wa matangazo. Yote yalikuwa kampeni ya filamu ya maafa iitwayo 2012, iliyoongozwa na Roland Emmerich na kusambazwa na Sony, ikaingia kwenye majumba ya sinema Novemba 2009. Kisa hiki kimesimuliwa sana tangu hapo, na kila msimulizi ametia chumvi yake. Nimejaribu kuiondoa hapa kadiri nilivyoweza.

Dhana: Filamu ndiyo iliyozua hofu ya mwaka 2012.

Ukweli: Hofu ilikuwa na umri mkubwa kuliko filamu. Mwaka 1976 mwandishi Zecharia Sitchin alitoa madai kwamba kuna sayari iitwayo Nibiru inayozunguka jua kwa njia ndefu mno. Miaka ya 1990 mwanamke mmoja wa Marekani, aliyedai kupokea ujumbe kutoka kwa viumbe wa nyota nyingine, alitangaza kwamba sayari ya namna hiyo ingeipita dunia kwa karibu na kuleta maangamizi Mei 2003. Mei ikaja, Mei ikaenda. Waamini hawakuitupa sayari yao, waliihamishia tarehe nyingine, na tarehe iliyokuwa wazi ni ile iliyokwisha kuhusishwa na kalenda ya Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati: 21 Desemba 2012.

Kwa hiyo studio iliikuta mboga imeshaungwa. Tazama kionjo cha kwanza cha filamu, kilichotoka mwishoni mwa 2008: mtawa anakimbilia kengele mlimani, maji yanamwagika juu ya Himalaya, kisha yanatokea maneno yanayouliza serikali za dunia zingewaandaaje watu bilioni sita kwa ajili ya mwisho wa dunia. Jibu: zisingewaandaa. Halafu mtazamaji anaambiwa aende akautafute ukweli mwenyewe, aandike 2012 kwenye mtambo wa kutafutia.

Naona hapo ndipo palipokuwa na ujanja wote. Aliyeandika namba hiyo hakuangukia mikononi mwa studio. Aliangukia kurasa chungu nzima za watu walioamini kwa dhati, waliokuwa wakiandika bure, mchana na usiku. Studio haikuhitaji kutunga uongo mwingi, wengine walishautunga. Ilichoongeza ni kuipa ile hofu ofisi: jina refu la kitaasisi, nembo, mwaka wa kuanzishwa na takwimu moja.

Dhana: Wamaya walitabiri dunia itakwisha.

Ukweli: Walichokuwa nacho ni Hesabu Ndefu, namna ya kuhesabu siku mfululizo. Siku 144,000 hufanya baktuni moja, na baktuni 13 ni siku 1,872,000, yaani kama miaka 5,125. Duru hiyo ilihesabiwa tangu mwaka 3114 kabla ya Kristo, ikatimia Desemba 2012, jinsi mita ya gari inavyorudi kwenye sifuri. Maandishi ya kale ya Wamaya yanayoitaja tarehe hiyo ni machache mno, na yanayojulikana zaidi, yale ya jiwe la Tortuguero huko Meksiko, yameharibika na hayasimulii maangamizi. Kwa upande mwingine, kule Palenque, mji wa kale wa Wamaya, waandishi wa mfalme Pakal walitaja kumbukumbu ya kutawazwa kwake itakayoangukia mwaka 4772. Anayengoja kiyama 2012 hapangi sherehe ya 4772.

Dhana: Waliodanganyika na tovuti ile walikuwa wajinga.

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inatuacha sisi wengine tukijiona salama.

Irudie ile takwimu. Kwa nini 94 na si 100? Mia ni namba ya mhubiri wa barabarani. Tisini na nne ni namba ya mtu aliyepiga hesabu, akabakiza nafasi ya makosa, akawa mnyenyekevu. Sisi tuliosoma kidogo ndio tunaoiamini zaidi, maana tumefundishwa kwamba sayansi ya kweli haisemi mia kwa mia. Mtunzi wa tovuti hakulenga ujinga wetu, alilenga elimu yetu.

Anwani nayo iliisaidia, kwani iliishia na .org. Wengi huchukulia kwamba herufi hizo hupewa mashirika yasiyo ya faida peke yake, kwamba kuna mtu mahali fulani anayekagua vyeti. Hakuna. Yeyote mwenye ada ya kusajili jina anaweza kuichukua, awe kituo cha mayatima au kampuni ya filamu. Muundo wa ukurasa pia ni jambo la kununuliwa: rangi tulivu, maneno ya dhamira ya taasisi, sehemu ya utafiti, sehemu ya maandalizi kwa umma. Taasisi halisi ndizo zilizotuzoesha kuyaamini mapambo hayo.

Kisha ile bahati nasibu. Aliyesoma tu ni msomaji, lakini aliyejaza jina lake ameshakuwa mgombea wa uhai. Atarudi kuangalia, atamwandikisha ndugu, atamwambia rafiki. Ndiyo maana mbinu hii inalinganishwa na virusi: mgonjwa ndiye anayemwambukiza mwingine, na kampuni hailipi kitu.

Mwanasayansi wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, David Morrison aliwahi kusimulia kwamba mwenzake mmoja alijaza jina la paka wake kwenye bahati nasibu hiyo. Inachekesha. Ila angalia pia alichofanya yule mwenye paka: aliipima taasisi kwa kuiuliza swali ambalo taasisi ya kweli isingelipitisha. Kipimo hicho kinafaa popote. Kingine ni kuuliza nani mwingine anayeijua. Taasisi iliyodumu miaka 30 ingekuwa imeacha nyayo nje ya tovuti yake: makala katika majarida, watafiti waliowahi kuajiriwa nayo, mikutano, ugomvi na wenzao. Iliyotungwa hujulikana kwake yenyewe tu.

Dhana: Ni utani wa matangazo, haujamdhuru mtu.

Ukweli: Morrison huyohuyo alikuwa akijibu maswali ya umma kwa niaba ya idara ya NASA inayochunguza uwezekano wa uhai nje ya dunia. Alipokea maswali zaidi ya 1,000 kuhusu 2012, mengine yakitoka kwa vijana waliosema wanafikiria kujiua ili wasiyaone hayo maangamizi. Alisema waziwazi kwamba kutumia tovuti bandia ya sayansi kuwatisha watu kwa ajili ya biashara ni kosa la kimaadili.

Haki lazima itendeke hapa: hakuna awezaye kupima ni barua ngapi zilitokana na kampeni ya filamu na ngapi zilitokana na zile kurasa za waamini. Vyote vilikuwa chungu kimoja. Lakini aliyeongeza kuni hawezi kujitetea kwamba moto aliukuta unawaka.

Dhana: Wataalamu walinyamaza, na ukimya wao ni ushahidi.

Hawakunyamaza hata kidogo. NASA ilitoa maswali na majibu kwa umma wakati filamu inatoka mwaka 2009, na Desemba 2012 ikaweka mtandaoni video inayoeleza kwa nini dunia haikuisha jana, siku kadhaa kabla ya hiyo jana kufika. Nani amewahi kuona taasisi ya serikali ikijiamini kiasi hicho?

Dhana: Sayansi ya filamu imekuzwa tu, lakini msingi wake ni wa kweli.

Katika filamu, jua linatoa nyutrino, chembe ndogo mno, zinazobadilika tabia na kukichemsha kiini cha dunia mpaka ganda lake linateleza. Nyutrino zenyewe ni za kweli, na zinatupita kila wakati: kila sekunde, nyutrino za jua kama bilioni 65 hupenya katika kila sentimita moja ya mraba ya mwili wako. Zinapenya kwa sababu hazigusani na karibu chochote, ndiyo maana wanaozitafuta hujenga matangi makubwa chini ya ardhi na kungoja chache zinaswe. Kitu kisichogusa hakichemshi. Kilele cha shughuli za jua kilichosubiriwa nacho kilikuja Aprili 2014, na kilikuwa dhaifu kuliko vyote vilivyotokea kwa takriban miaka 100.

Dhana: Sony ndio walioanzisha mchezo huu.

La. Mwaka 1999 filamu ya The Blair Witch Project ilitangulizwa na tovuti na mabango ya watu waliopotea, yakiwaonyesha waigizaji wake kana kwamba wametoweka kweli. Mama wa mwigizaji mmoja alianza kupokea kadi za rambirambi ilhali mwanawe yuko hai. Na mwaka uleule wa 2009, District 9, filamu ya viumbe wa sayari nyingine, iliweka kwenye viti vya vituo vya basi matangazo ya shirika lake la kubuni, yakisema viti ni vya binadamu pekee. Tofauti ni kwamba kiti kile kilicheza na kitu ambacho kila mpita njia alijua hakipo. Hakuna aliyerudi nyumbani akiwa na wasiwasi wa kukaa na kiumbe wa sayari nyingine. Kiyama ni habari nyingine, watu wamekuwa wakikingoja tangu zamani.

Dhana: Matangazo ni sanaa, sheria haiwezi kuyagusa.

Inategemea umekanyaga wapi. Januari 2007 huko Boston, vibao vya taa vilivyobandikwa kutangaza kipindi cha katuni vilidhaniwa kuwa mabomu. Barabara na madaraja yakafungwa, na kampuni ya Turner pamoja na wakala wake wa matangazo wakakubali kulipa dola milioni 2. Mwaka 2009 studio ya Universal, katika kuitangaza The Fourth Kind, ilitunga habari zilizoonekana kama zimetoka kwenye magazeti halisi ya Alaska. Wenye magazeti walilalamika, habari zikaondolewa, na studio ikalipa dola 20,000 kwa chama cha wanahabari cha Alaska.

Wakati mwingine anayeumia si hata mtengeneza filamu. Mwaka 2013 tangazo la Olympus Has Fallen lilitumia mlio wa tahadhari ya dharura unaotumika Marekani kuwaonya raia. Mlio huo unalindwa na sheria, na mwaka uliofuata tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilizitaka kampuni za televisheni zilizorusha tangazo, Viacom, NBCUniversal na ESPN, zilipe faini ya jumla ya dola milioni 1.9 hivi.

Linganisha basi. Ukiiga kengele ya serikali, faini inakujia. Ukiiga gazeti lenye wenyewe, wenyewe watakudai. Ukibuni taasisi nzima ambayo haina mwenyewe, nani akudai? Tovuti ya kiyama ilikalia pengo hilohilo. Mwaka 2017 Fox nayo ilijaribu njia ya jirani kwa filamu ya A Cure for Wellness, ikaanzisha tovuti za magazeti bandia zenye habari za uongo kuhusu chanjo na siasa, na mwisho ikaomba radhi. Kilichoirudisha nyuma ni kelele za umma.

Dhana: Dunia nzima ilishikwa na hofu.

Chumvi kutoka upande wa pili. Uchunguzi wa maoni wa Ipsos wa mwaka 2012 katika nchi 21 uliona kwamba karibu mtu mmoja kati ya kumi alidhani kalenda ya Wamaya huenda ilimaanisha mwisho wa dunia mwaka huo. Si wachache, lakini tisa hawakudhani hivyo. Wasimulizi hupenda kukumbusha mchezo wa redio wa Oktoba 1938 kuhusu uvamizi kutoka sayari ya Mirihi, eti Marekani yote ilikimbilia barabarani. Wasikilizaji walikuwa wachache, na magazeti, yaliyokuwa yakipoteza matangazo kwa redio, ndiyo yaliyoivimbisha taharuki.

Dhana: Tarehe ikipita, mambo yamekwisha.

Tovuti ya tangazo hufungwa, studio ikahamia filamu nyingine. Kinachobaki ni picha ya ukurasa, imekatwa chini pale palipoandikwa jina la kampuni kwa herufi ndogo, ikizunguka kwenye simu za watu ambao filamu yenyewe hawajaisikia. Taasisi inabaki, tangazo linaondoka. Ama Nibiru, Septemba 2017 ilitangazwa tena kuwa njiani, safari hiyo ikipangiwa tarehe 23.