Ndoa za jinsia moja Marekani hazikuhalalishwa kwa saini ya rais

Kwa miaka mingi umekuwa ukizunguka katika makundi ya WhatsApp ujumbe unaodai kwamba rais wa Marekani aliyekuwa madarakani mwaka 2015, Barack Obama, alitia saini sheria ya kuhalalisha ndoa za jinsia moja nchi nzima. Hakusaini sheria ya namna hiyo. Uamuzi ulitolewa na majaji wa mahakama ya juu kabisa tarehe 26 Juni 2015, watano wakikubali na wanne wakipinga, na hukumu yenyewe, pamoja na hoja za wale wanne, inasomeka bure kwenye tovuti ya mahakama hiyo.

Wanasiasa, kwa kweli, walijivuta. Mwaka 1996 bunge, kwa kura nyingi za vyama vyote viwili, lilipitisha sheria iliyotambua ndoa ya mwanamume na mwanamke peke yake, na rais wa wakati huo akaisaini. Mwaka 2008 wagombea wakuu wote wawili wa urais walishikilia msimamo huohuo, na mshindi, Obama, aliubadili hadharani Mei 2012, miaka minane baada ya jimbo la Massachusetts kuanza kufungisha ndoa hizo.

Mkanganyiko unaeleweka, kwa kuwa usiku wa hukumu ikulu ilimulikwa kwa rangi za upinde wa mvua, picha zikasambaa, na mwezi uliofuata rais huyo akazuru Kenya. Sheria ya bunge ya kuzitambua ndoa hizo ilikuja Desemba 2022, chini ya rais mwingine. Uwe unaunga mkono ndoa hizo au unazipinga, tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Ukiletewa, linganisha tarehe kwanza.