Bunduki ya marehemu itauzwa bei gani? Uvumi na ukweli

Nairobi bado ina familia zenye bunduki za zamani zilizokatiwa leseni, nyingine zikitoka enzi za kabla uwindaji haujapigwa marufuku nchini mwaka 1977. Mwenyewe akifariki, warithi huanza kupiga hesabu, na ushauri wa mtaani huwatia hasara.

Husemwa kwamba bunduki kadiri inavyozeeka ndivyo inavyopanda bei. Sivyo. Wanunuzi hutazama nani aliiunda, ziko ngapi, iko katika hali gani, na kama bado ina vipande vyake vya awali. Raifo ya mitutu miwili ya watengenezaji wa Kiingereza kama Holland & Holland au Westley Richards hugombaniwa minadani London; bunduki ya marisau ya kawaida, hata iwe ya mwaka uleule, haimshughulishi mtu. Risasi nazo zina neno. Zile za .375 (unene wake kwa inchi) zilizobuniwa na Holland & Holland mwaka 1912 zingali zinatengenezwa, lakini silaha ambayo risasi zake hazipatikani tena humvutia mkusanyaji tu.

Uvumi unaoniumiza zaidi ni huu: ing'arishe kwanza ndipo uiuze. Jamani, msiiguse! Ile rangi ya buluu nyeusi ya chuma, hata ikiwa imefifia, ni sehemu ya thamani yake. Ukipitisha msasa au kuipaka rangi upya, kingo za maandishi na nakshi hulainika, na mnunuzi mzoefu hugundua mara moja. Kwa silaha ya wakusanyaji, usafi wa siku moja unaweza kula sehemu kubwa ya bei, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Wengine huridhika na sura ya nje. Ndani ya mtutu ndiko kwenye habari. Viwashio vya risasi za zamani viliacha chumvi iliyovuta unyevu, na mtutu usiposafishwa vizuri, kutu iliutoboatoboa. Bunduki za Kiingereza zina pia mihuri ya majaribio ya usalama ya London au Birmingham inayoonyesha mtutu ulipimwa ukiwa na upana gani ndani. Ukiwa umepanuka kupita kipimo hicho, sheria ya Uingereza hairuhusu bunduki hiyo iuzwe mpaka ijaribiwe na kupita upya.

Bei unazoziona mtandaoni ni za kuombwa. Mtu anaweza kuomba chochote. Tafuta bei zilizolipwa, na ukumbuke kwamba mnada huchukua kamisheni yake. Tena bei ya Marekani haihamii Nairobi: huku wanunuzi wenye kibali ni wachache, na kusafirisha silaha nje kunahitaji vibali na gharama zake.

Mwisho, kuna wanaodhani ndugu wanaweza kuuziana kwa maelewano ya nyumbani. Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, inataka anayenunua awe na cheti kinachomruhusu au awe muuzaji aliyesajiliwa. Cheti cha marehemu hakimlindi mrithi. Kwa hiyo usiibebe kwenye gari kuzunguka mjini ukiulizia bei: toa taarifa kituo cha polisi, uulize itakabidhiwa vipi, kisha muuzaji aliyesajiliwa aikague na kukuandikia makadirio yanayotaja mtengenezaji, nambari, hali ya mtutu na kila kilichobadilishwa.