Je, wajua kwa nini mstari usiodhuru hufutwa kwenye programu?

Chukua programu ya kutoa risiti katika duka la leso, Mtaa wa Biashara, Mombasa. Ndani yake mna mistari hii mitatu:

kiwango = 0.14
kiwango = 0.16
kodi = bei * kiwango

Mstari wa kwanza ni bure. 0.14 inawekwa, na kabla haijasomwa popote inafunikwa na 0.16. Mteja anatozwa kodi sahihi na risiti inatoka vizuri. Kwa nini basi fundi aliyekabidhiwa programu hiyo ahangaike kuufuta?

Si kwa ajili ya kasi. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo (maandishi ya programu) kuwa lugha ya mashine, hujisafishia yenyewe. Kompaila iitwayo GCC kwa mfano, ikiagizwa kuboresha msimbo, huukagua kutoka mwisho kurudi mwanzo na kuuliza kila inapofika: je, thamani hii bado ina wa kuisoma? Ikiwa haina, mstari unaachwa nje.

Anayeteseka ni binadamu. Akikuta viwango viwili hajui kipi kimekosewa, na jibu haliko kwenye programu. Liko kwenye sheria ya kodi: Aprili 2020, wakati wa korona, Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, kisha ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Ni rahisi kuona ilivyokuwa: mwaka ulipogeuka, mtu aliongeza mstari chini badala ya kurekebisha wa juu. Kumbukumbu za aina hiyo zina mahali pake. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi kila badiliko pamoja na maelezo ya aliyelifanya, kwa hiyo 0.14 ikifutwa leo haipotei. Na kwa kuwa tumeshafika hapo, jina lenyewe libadilishwe liwe kiwango_cha_vat. Kiwango tu, cha nini?

Huo ulikuwa mfano mwepesi. Tazama huu:

jumla = bei * doti
jumla_ya_mwisho = jumla - punguzo
chapisha(jumla)

Hapa pia kuna thamani isiyosomwa, jumla_ya_mwisho. Ukiifuta, onyo la kompaila kuhusu thamani isiyosomwa litanyamaza, na mteja wa doti ishirini ataendelea kulipa bei kamili ilhali aliahidiwa punguzo. Kosa liko mstari wa tatu, uliochapisha jina lisilo lake. Lugha ya Go ingekataa kabisa kuijenga programu hii, maana hairuhusu jina la ndani lililotangazwa bila kutumiwa. Ajabu ni kwamba ile 0.14 ingeipita bila neno, kwa sababu kiwango kinatumika baadaye.

Tena kuna upande wa kulia wa alama ya usawa. Katika matokeo = hifadhi_mauzo(), huenda matokeo hayaulizwi na mtu, lakini mauzo yanahifadhiwa pale pale. Ondoa jina, bakisha wito, yaani hifadhi_mauzo(). Anayefuta mstari mzima ataulizwa jioni mauzo ya leo yako wapi.

Kuna na mahali ambapo kompaila yenyewe imefagia kupita kiasi. Waandishi wa lugha ya C wana desturi ya kujaza sifuri juu ya nenosiri kwenye kumbukumbu ya kompyuta likishatumika, lisije likaibwa. Kompaila ikikagua inaona hakuna atakayezisoma sifuri hizo, inauacha nje mstari huo, na nenosiri linabaki pale pale. Ndiyo sababu watengenezaji wa OpenBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, wakatengeneza explicit_bzero, na toleo la C liitwalo C23 likaongeza memset_explicit: kazi yake ni kuandika thamani ambayo hakuna atakayeisoma, na kompaila hairuhusiwi kuigusa.